Mistari ya mkaa nyuma ya mlango

Paka ndo walikuwa wanaisikia kwanza. Unawaona tu wameamka wote uani wanakimbilia mlango wa mbele, halafu ndo na wewe unaisikia, pii pii, honi ya mpira, mzee wa samaki kashaingia mtaani. Hapo ni saa kumi jioni Magomeni, Dar es Salaam, miaka ya 90 mwanzoni, hamna mwenye simu lakini kila mtu mtaani anajua nani anakuja na anakuja saa ngapi kwa mlio wake tu.

Asubuhi ilikuwa vitumbua na maandazi, watoto wenzetu na mabeseni kichwani wanaita kwa kuvuta, vitumbuaaa. Halafu akina mama wa mchicha na matembele, halafu mkokoteni wa maji, na hapo lazima uulize ya baridi au ya chumvi, maana ya chumvi ni ya kufulia, ukibeba hayo bibi akayaonja kwenye chai wallahi utaenda kutafuta mengine mwenyewe na ndoo yako. Baada ya magharibi ndo kahawa, yule jamaa anagonganisha vikombe mkono mmoja na mwingine kashika dele, moto wa mkaa unawaka chini yake, sisi watoto tunasubiri kashata tu, mambo ya Simba na Yanga tunawaachia wazee barazani.

Ila mi nayemkumbuka zaidi ni mzee wa samaki. Baiskeli Phoenix, tenga nyuma limefunikwa gunia bichi, katoka nalo soko la samaki Feri huko jua lote lile. Bibi haamini mtu, anafungua mashavu ya samaki aone kama bado mekundu, anabonyeza tumbo, anasema huyu kalala huyu. Mzee anaapa, mama huyu wa leo asubuhi. Wanabishana weee mwisho bibi anachukua, mzee anachuchumaa pale pale anapara, magamba yanaruka mpaka kwenye miguu yetu na paka wamemzunguka.

Na mara nyingi hela haipo. Basi bibi anaokota kipande cha mkaa anachora mstari ukutani nyuma ya mlango, fungu moja mstari mmoja. Mwisho wa mwezi baba akipokea mshahara, mzee anaingia, wanahesabu pamoja, analipwa, bibi anafuta kwa kitambaa cha maji. Yaani deni lake lilikuwa linakaa ndani kwetu, kwenye ukuta wetu, sisi ndo tunaoweza kulifuta usiku wowote tukitaka na yeye hana hata karatasi. Nimekuja kuliona hilo nikiwa mtu mzima na mpaka leo linanigusa.

Dada alipoolewa nyumba ikapakwa rangi. Ilikuwa katikati ya mwezi na mistari ipo tisa, bibi akasimama mlangoni akamwambia fundi paka kote ila hapa uniachie. Fundi akacheka, akaacha. Harusi ikapita na wageni wote wanaingia wanatoka, mistari iko pale. Mzee alipolipwa ndo fundi akarudi kumalizia, ila rangi akachanganya upya, haikulingana na ya mwanzo, kakipande hako kakabaki keupe kidogo kuliko ukuta mwingine miaka yote tuliyokaa pale.