Kumbukumbu ya mradi wangu: mkono wa kulia umekubali kusubiri

Jumamosi hii, kwenye uwanja wetu wa vumbi jekundu kule Katuba, mtaa wa Lubumbashi, nikijifunza uamuzi wa besiboli, nilitoa maamuzi kumi na mawili katika besi ya kwanza, kituo ambacho mkimbiaji hushindana na mpira kukifikia, na video haikunisuta hata mara moja. Ishara zenyewe hazikuwahi kunisumbua: ngumi ya kulia kwa mkimbiaji aliyetolewa, mikono miwili kunyooshwa kando viganja vikitazama chini kwa aliye salama, na kuelekeza kidole ndani ya uwanja, bila kutoa sauti, kwa mpira halali uliopita karibu na mstari. Kilichonitesa wiki sita ni mkono kunyanyuka kabla macho hayajamaliza kazi.

Kanuni nilikuwa nayo kichwani: kusimama mita tano hivi kutoka kwenye besi, pembe mraba na njia ya mpira unaorushwa, macho yakibaki kwenye besi huku sikio likingojea kishindo cha mpira kwenye glavu; kishindo kikitangulia mguu wa mkimbiaji kugusa besi, unatazama glavu kuhakikisha mpira haukudondoka, ndipo unapokunja ngumi. Lakini sikio langu halikusikia kitu. Nikawa nageuza macho kuutafuta mpira, na nikiyarudisha, mguu umekwisha kupita, kwa hiyo nilikuwa nabahatisha tu. Kijana mmoja alinieleza waziwazi, akiniita Yaya, yaani ndugu mkubwa: "Yaya, unanitoa hata sijafika." Nilikasirika, kisha nikaona aibu, maana alisema kweli.

Nililaumu pikipiki za barabarani, kumbe kosa lilikuwa mpira. Tulichezea mpira wa tenisi, ambao ukitua kwenye glavu husikika kama embe lililoangukia majani. Tulipopata mpira halisi wa ngozi, wenye gramu 142 hadi 149, glavu ililia "pa!", na mkono wangu ukatulia wenyewe.

Kuhusu vifaa, simu inafaa iwapo tu imewekwa juu ya tofali ikiikabili besi; ikishikwa na mtu, huufuata mpira kama nilivyokuwa nikiufuata mimi.

Wiki ijayo nilipanga kuanza kazi ya mwamuzi wa nyuma ya mdakaji, yule anayedaka mipira inayorushwa kwa mpigaji, lakini nimeiahirisha. Nataka kwanza kuamua nikiwa nimefumba macho, kwa sababu besi yetu ni mfuko wa unga wa bukari (ugali) uliojazwa mchanga, nao ukikanyagwa una sauti yake.