Mama mkubwa, kichwa na mlenda

Ilikuwa 2022, mavuno ya zabibu ya mwezi wa nane, mama mkubwa wangu wa Mpunguzi, huko Dodoma, akaanza kulalamika kichwa. Wote tukasema presha, si unajua mtu akishafika umri ule kila kitu ni presha, kapimwa iko kawaida, kapewa panadol karudi nyumbani. Mimi kilichonishtua ni kwamba kichwa kilikua kinauma zaidi akilala. Akikaa kinapoa, akilala kinarudi, akikohoa ndo usiseme kabisa. Ikawa usiku analala ameegemea ukuta, halafu akaanza kusema anaona ukunguukungu.

Siku moja jioni mguu wake wa kulia ukaanza kuruka wenyewe. Tunaushika haushikiki, na yeye macho makavu anatuangalia, anauliza "nani ananivuta?" Jirani akasema kapandisha. Tukaita bajaji.

Picha ya kichwa, ile CT, ikaonyesha uvimbe utosini, kwenye utando unaofunika ubongo. Daktari alikua kijana mdogo, akaniambia kaka, aina hii mara nyingi sio kansa, unakua taratibu, kinachonitisha mimi ni kingine. Wakamchoma dawa ya kung'arisha mishipa wakapiga picha tena, ndo likaonekana bonge la damu. Kuna mshipa mkubwa unapita katikati ya kichwa kutoka kwenye paji mpaka kisogoni, damu chafu ya ubongo inatokea huko, hata maji ya ubongo yanaishia humo. Uvimbe ulikua umeuegemea, damu ikawa inasuasua, na damu ikisuasua inaganda. Akachora nyuma ya fomu, akasema ni mtaro huo, ukiziba huku chini maji yanarudi ndani kwako. Nikaelewa kwanini akilala ndo inakua balaa.

Sasa vita ikaja kwenye heparini, sindano ya kuzuia damu isigande. Binamu yangu akagoma, mtu ana uvimbe kichwani, picha inaonyesha na damu kidogo imeshavuja, leo mnamchoma dawa ya kuyeyusha damu? Na mi kwa kweli nilikua upande wake. Daktari akasema haiyeyushi, inazuia bonge lisiendelee kukua, mwili wenyewe ndo unalimaliza polepole, na hiyo damu imevuja kwa sababu njia imeziba presha imepanda humo ndani. Mama mkubwa akamaliza ubishi, "nichomeni, kichwa changu hiki."

Akachomwa. Baadae akahamishiwa vidonge vya warfarini, navyo vya kuzuia damu isigande, na hapo ndo kesi yenyewe ikaanza maana nesi alimwambia aache majani. Mgogo umwambie aache mlenda! Akasema basi mnizike. Nikarudi kwa daktari, akacheka, akasema ale, ila kipimo kisibadilike, mboga za majani zina vitamini K inayopingana na hiyo dawa, leo ukila bakuli kesho usile kabisa INR, kile kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda, inayumba, na yeye anaitaka kati ya 2 na 3. Dada akatafuta kikombe cha chai, mlenda mkavu ukawa unapimwa humo kila siku, mama mkubwa ananuna lakini anakula.

Operesheni ilikuja baadae, Dar. Uvimbe waliutoa, ila kipande kilichong'ang'ania ukuta wa ule mshipa wakakiacha makusudi, wasije wakauchana. Mpaka leo kinafuatiliwa kwa MRI, na kila akienda lazima amuulize daktari kama kimeshazaa.