LED inayopima vumbi na moshi wa angani

Kuna kitu nataka watu wakijue maana mi kinanisisimua kweli. Ile taa ndogo ya LED ya kwenye redio, ukiipa umeme inatoa mwanga sawa, lakini ukiilenga kwenye jua inatoa umeme kidogo, tena haipokei rangi zote, inachagua zilizo karibu na ile inayowaka yenyewe. Forrest Mims wa Texas, jamaa ambaye hata digrii ya sayansi hana, akaona hapo kuna fotomita ya jua (kifaa cha kupima mwanga wa jua unaofika chini) ya bei rahisi kabisa, maana vifaa vya kupimia aerosoli (vumbi, moshi, chumvi ya bahari, vyote vinavyoelea hewani) vilitegemea filta (vioo vya kuchuja rangi) za bei kali na zilikuwa zinachakaa.

Tangu Februari 1990 anapima hapo kwake adhuhuri, siku yoyote mawingu yakiruhusu. Juni 1991 volkano ya Pinatubo ikalipuka kule Ufilipino, na baadaye vipimo vyake vikaonyesha ule ukungu wa salfa umefika juu ya Texas, jamani, kwa LED!

Sasa utajuaje mwanga kiasi gani umezuiwa njiani wakati hujui kifaa chako kingesoma ngapi kikiwa nje ya anga? Hapa ndo napenda zaidi. Unaanza asubuhi jua likiwa chini, miale inapita kwenye hewa nyingi, jua likifika nyuzi 30 juu ya upeo wa macho hewa ni kama mara 2 ya ile ya jua la utosini, unaendelea kupima linavyopanda alafu unachora grafu ya logi (logarithimu) ya vipimo dhidi ya wingi wa hewa, unapata mstari, unaurefusha mpaka hewa sifuri na namba yako ndo hiyo. Ni njia ya Langley, inataka anga safi isiyobadilikabadilika, ndo maana Mims alikuwa anapeleka vifaa kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mita kama 3,400 juu, na AERONET, mtandao wa NASA wa kupima aerosoli, nao fotomita zao za rejea walikuwa wanazipima hukohuko.

Ukiweka LED mbili, kijani na nyekundu, unapata na aina ya uchafu: moshi una vichembe vidogo kwa hiyo unazuia kijani zaidi ya nyekundu, vumbi la jangwani linazuia zote karibu sawa.

Mafundi wa redio, hii mnaiweza, ni LED, chipu ya kukuza umeme na multimita tu. Ila msilitazame jua lenyewe, toboeni kitundu kwenye boksi mlenge kwa kufuata kidoa cha mwanga.