Amplifaya ya gitaa ya nyumbani: tazama spika kabla ya wati

Ukiulizia amplifaya ya mazoezi dukani, muuzaji ataanza na wati. Mwache aseme, kisha geukia spika. Wati 20 si kelele mara mbili ya wati 10: tofauti ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, sikio linaitambua kwa shida. Ili usikie sauti imeongezeka maradufu, wati zinatakiwa ziongezeke kama mara kumi. Chumbani, wati 5 zinatosha kabisa kugombana na jirani.

Spika ya inchi 3, kama ya Blackstar Fly 3, inaingia kwenye begi la shule, ila nyuzi nene zinalia nyembamba. Ya inchi 5, kama ya Roland Micro Cube GX, ni afadhali, na hiyo inatumia pia betri sita ndogo za AA, jambo la maana umeme ukikatika. Kuanzia inchi 6 hadi 8 ndipo gitaa linapokaa sawa.

Wapigaji wa rumba na benga wawe wakali zaidi hapa. Solo la sebene linataka sauti safi, kila noti ijitenge. Ampu ya wati 3 ukiipandisha kidogo tu inaanza kukwaruza, na noti za haraka zinagandana. Mpiga roki ataufurahia mkwaruzo huo. Wewe chukua wati 10 na spika ya inchi 6, mfano Fender Frontman 10G, hata kama haina mwangwi. Efekti zinaongezwa baadaye, spika haikui.

Hakikisha kuna tundu la hedifoni na tundu la kuingizia muziki wa simu. Simu usiichomeke kwenye tundu la gitaa. Nguvu yake ni kubwa mno kwa tundu hilo na wimbo utakwaruza.

Umeme ndio unaoua ampu nyingi za mtumba. Zilizotoka Marekani huandikwa volti 120 nyuma, na soketi zetu ni 230 au 240. Ukichomeka moja kwa moja, ikibahatika inaungua fyuzi, isipobahatika inaungua transfoma. Adapta nazo si za kubahatisha: Micro Cube GX inataka volti 9 na hasi iwe katikati ya plagi, ilhali adapta nyingi za mtaani zina chanya katikati. Mchoro mdogo wa duara kwenye kibandiko cha adapta unaonyesha kipi kiko katikati.

Unaponunua mtumba, nenda na gitaa na waya wako. Washa bila kuchomeka gitaa, pandisha sauti: mngurumo mzito maana yake kapasita za umeme, vipuri vinavyotuliza umeme ndani ya ampu, zimechoka. Zungusha kila nobu polepole. Ikikwaruza ni vumbi, dawa ya kusafishia inaliondoa, lakini muuzaji apunguze bei. Tikisa plagi kwenye tundu la gitaa: sauti ikikatika, lehemu imepasuka, kazi ndogo kwa fundi redio. Mwisho zima, ondoa wavu kama unatoka, sukuma karatasi ya spika taratibu kwa vidole vilivyotawanywa. Ukisikia msuguano, koili (waya uliozungushwa nyuma ya karatasi hiyo) imeharibika, na spika mpya inaweza kula faida yote ya mtumba.

Nyumbani usiiweke sakafuni wala kwenye kona, besi inavimba. Iweke juu ya kiti, ielekee masikioni. Gitaa la besi lipigie kwenye ampu hii kwa sauti ya chini tu, la sivyo spika itapasuka.