Kwenye Kiti cha Baba

Tulipomzika baba sikulia, na miezi ilipita bado sijalia. Mimi ndiye mkubwa. Msibani nilishika daftari la rambirambi, nikahangaika na viti na masufuria ya kukodi, nikapokea wageni wa Tanga. Mshauri nasaha niliyekuwa nikimwona akanialika kwenye kikundi chake, ukumbini Magomeni. Wanatumia saikodrama, tiba ya daktari Jacob Moreno, aliyeianzia Vienna kabla ya kuhamia Marekani mwaka 1925. Jambo linalokukaba husimulii tu, unaliigiza.

Zamu yangu ilipofika, niliambiwa nichague wa kuwa baba. Nikamchagua mzee mmoja mpole, fundi redio. Nikampangia kibanda cha Kariakoo: meza ndiyo cherehani, kanga ndiyo nguo ya mteja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

Nikamuuliza kwa nini alificha ugonjwa mpaka tukambeba hajiwezi. Kabla hajajibu, mshauri akasema, "Badilishaneni viti."

Nilipokaa tu, mkono ulipanda shingoni kutafuta futi ya kupimia. Baba hakuwa akiivua, hata akila. Mshauri akaniinamia: "Mzee, binti yako anakuuliza. Unamjibu nini?" Nikasikia natoa maneno polepole, kama baba alivyokuwa akimwambia mteja kwamba nguo haijawa tayari: "Ningemwambia, angeuza kiwanja chake." Hapo nikalia, uso kwenye ile kanga, na hakuna aliyeninyamazisha. Nawashukuru kwa hilo mpaka leo. Msibani niliambiwa jikaze, wadogo zako wanakutazama.

Baadaye tulikaa duara. Kushauri hakuruhusiwi, kila mtu anasema lililomgusa katika maisha yake mwenyewe. Mama mmoja muuza samaki wa Feri alisema ya kwake, nami nayaacha palepale, ndiyo makubaliano ya kikundi. Yule mzee akataja jina lake, akaniambia mbele ya wote kwamba yeye si baba yangu, ili asiondoke na mzigo wa mtu mwingine.

Mama nilipomsimulia aliuliza kama huko si kupunga pepo. Nikamwambia hapana, akili zangu nilikuwa nazo zote, na lile jibu lilikuwa langu, limetokana na ninavyomjua baba. Hakuna aliyedai marehemu amesema. Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele. Kisha akauliza kama wanapokea na wajane.