Daftari la hongera

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya mbu katika chuo kimoja hapa Moshi. Wanafunzi wa uzamili na uzamivu huja, wakakaa miaka miwili, mitatu, minne, kisha wakaondoka. Mimi nabaki na mafriza, mashine ya PCR ya kunakili DNA, na vizimba vya mbu.

Siku moja binti mmoja alitetea tasnifu yake asubuhi. Saa nane mchana akaniletea fomu ya kuondoka, nitie sahihi kwamba hadaiwi koti wala pipeti. Nikapekua kitabu cha uharibifu, nikasaini. Alipofika mlangoni akageuka: "Kwaheri mama. Na unisamehe kwa jeli zote nilizoharibu."

Nilikosa raha jioni nzima. Mtoto wa watu nimekaa naye miaka miwili, na maandishi pekee niliyonayo juu yake ni orodha ya vitu alivyovunja.

Kesho yake nikapita Mbuyuni nikanunua kauntabuku, nikaandika juu kwa kalamu nene: HONGERA. Nikaliweka pale pale kando ya kitabu cha uharibifu.

Mwanzoni niliandika makubwa tu: aliyetetea, aliyechapishiwa makala, aliyepata kibali cha utafiti. Miezi minne ikapita daftari likiwa na mistari mitatu. Mambo makubwa kwenye utafiti ni kama harusi, hayaji kila Jumamosi. Kilichojaa ni vijana wanaokesha. Mbu wa malaria Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis ukiwaweka chini ya hadubini huwatofautishi hata ukodoe macho vipi. Inabidi PCR iwatenganishe kwa DNA yao, ambayo huonekana kama mistari kwenye jeli: mstari ukikaa kwenye jozi 315 za besi (ndio urefu wa kipande cha DNA) ni arabiensis, ukikaa kwenye 390 ni gambiae. Mwanafunzi anatoka Mabogini au Chekereni, matope ya majaruba ya mpunga mpaka magotini, viluwiluwi kwenye ndoo. Anawalea mpaka wawe mbu, anawatoa DNA, anawapitisha kwenye mashine, halafu wiki tatu mfululizo jeli haina kitu. Siku ya mistari ya kwanza kuonekana, huyo mtu anastahili vigelegele. Basi nikaanza kuandika na hayo.

Sherehe zenyewe nilizianza vibaya. Keki ya kwanza niliikatia mle mle maabara, juu ya benchi, mita mbili kutoka tunapopakia rangi ya jeli ambayo sisi wenyewe tunawaambia wanafunzi wasiishike bila glavu. Msimamizi akaingia, akaangalia keki, akaniangalia mimi, hakusema neno. Aibu yangu mpaka leo naisikia. Tukahamia nje chini ya mparachichi, na huko ndiko tulipo.

Kisha likaja la michango. Sisi tunajijua: ukisema sherehe, kabla hujamaliza sentensi kuna kamati, mweka hazina na kundi la WhatsApp. Vijana wakajipangia shilingi elfu kumi kwa kichwa, mmoja akawa anatania kwamba akitetea yeye lazima pawe na ndafu. Baada ya muda nikaona kijana mmoja kila siku ya sherehe ana safari. Mara Mabogini, mara hospitali, mara mjomba. Sikumuuliza. Nilifuta michango yote, nikasema atakayepongezwa ataletewa aiskrimu na mimi, na wengine waje na midomo yao tu ya kupigia vigelegele. Safari za yule kijana zikaisha.

Kosa kubwa lilikuwa bado. Mwanafunzi mwingine, binti, alikuja mbio na picha ya jeli: sampuli za Mabogini, ambazo siku zote kwetu zimekuwa arabiensis, safari hii nyingi zina mstari kwenye 390. Gambiae! Tulipiga kelele mpaka ofisi ya jirani wakaja kuuliza nani amejifungua. Nikaandika kwenye daftari, tukala aiskrimu, akapiga picha na daftari.

Usiku nikiwa nakunja nguo ndipo ikanijia kwamba sikutazama kisima cha maji. Kila jeli ina kisima kimoja ambacho badala ya DNA tunaweka maji matupu, kazi yake ni kutuumbua. Asubuhi nikaifungua ile picha. Kisima cha maji kilikuwa na mstari, kwenye 390, unang'aa kama taa. Yaani DNA ya gambiae tunayoitumia kama kipimo ilikuwa imeingia kwenye maji, na kutoka hapo kwenye kila kitu.

Yule binti alilia. Hakulilia matokeo, alilia kwa sababu alikuwa ameshawapigia watu simu. Na kosa lilikuwa langu zaidi. Mimi ndiye ninayewafundisha waanze na kisima cha maji, na mimi ndiye niliyeshangilia kwa sauti kuliko wote.

Sikuchana ukurasa. Nilipiga mstari juu ya maandishi. Binti akamwaga maji yote, akafungua praima mpya (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR), akarudia sampuli 48 tangu mwanzo. Arabiensis, zote. Nikaandika upya: amerudia sampuli 48, kisima cha maji ni safi. Nikanunua aiskrimu tena.

"Mama, sasa unanipongeza kwa kupata kile kile cha siku zote?"

"Ndiyo. Kula."

Siku hiyo ndipo nilipowasimulia habari za Erasto Mpemba, maana aiskrimu ilikuwa mkononi. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, aliweka maziwa ya moto ya aiskrimu kwenye friji na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipokwenda Mkwawa, Iringa, akachekwa tena. Profesa Denis Osborne wa fizikia alipotembelea shule hiyo, Mpemba akainuka akauliza hilo, wenzake wakaguna. Osborne alirudi Dar es Salaam akampa fundi wake wa maabara kazi ya kujaribu. Fundi akaleta jibu: ya moto yameganda kwanza, lakini tutaendelea kurudia mpaka tupate jibu sahihi. Mwaka 1969, makala ya Mpemba na Osborne ilipotoka, Mpemba alikuwa akisoma hapa juu Mweka, kwenye chuo cha wanyamapori.

Walicheka sana, hasa kwa yule fundi. "Mama, huyo si wewe?" Sikuwajibu.

Kitu kimoja sikukipanga. Tulikuwa na kijana wa Rombo, mkimya, vigelegele vinamtia jasho. Alipomaliza vipimo vyake vya usugu wa mbu kwa viuatilifu, akaniomba kando: "Mama, shikamoo. Naomba usinipigie makelele. Kama inawezekana, mpigie mama yangu simu. Mimi nikimweleza haelewi ninafanya nini huku."

Nikampigia, tukiwa wawili tu chini ya mparachichi. Nikajitambulisha, nikampa hongera ya mtoto. Nikamweleza kwamba amefuga mbu, akawaweka 25 kwenye kila mrija wenye dawa kwa saa moja, akahesabu waliokufa baada ya saa 24, na kazi yake inatusaidia kujua dawa ipi ya chandarua bado inaua.

Upande wa pili kimya. Kisha: "Kwa hiyo amewafuga kwanza?"

"Ndiyo, mama."

"Sisi huku tunawaua, yeye anawafuga." Akacheka kicheko kirefu. "Wanakula nini?"

Nikampa kijana simu. Akaanza na pamba yenye maji ya sukari, akaja kwenye majike na damu wanayopewa ili watage, mama akauliza ni damu ya nani, akaeleza, akaulizwa mayai yanatagwa wapi, akaeleza na hayo, huku amesimama anazunguka ule mti na mkono mmoja anachora hewani. Dakika za bando langu ziliisha akiwa bado kwenye viluwiluwi.