Zamu ya usiku, mwenzako amelala chini

Nimelala karibu mchana wote na bado nikifumba macho nahisi kitanda kinapanda na kushuka, basi wacha niandike sasa hivi wakati jambo lenyewe bado liko mwilini.

Tulikuwa wawili tu kwenye boti ndogo ya matanga, mimi na mwenzangu ambaye ndo nahodha, kwa hiyo usiku kucha tulipokezana kila saa tatu, mmoja kwenye usukani mwingine amelala. Kabla jua halijazama akataka tupunguze tanga kuu ingawa upepo ulikuwa wa kawaida kabisa, akasema watu huanguka majini wakihangaika na tanga gizani, afadhali tuchelewe. Na sharti moja: hakuna kwenda omo, yaani mbele kabisa ya boti, peke yako mwenzako akiwa amelala, hata iweje, na ukiwa nje kamba ya usalama haifunguliwi.

Macho yanachukua kama nusu saa kulizoea giza vizuri, ukiwasha simu mara moja tu umeharibu unaanza upya, ndo maana taa ya dira ni nyekundu na hafifu. Lakini dira ukiikodolea sana usingizi unakuja, kwa hiyo nilichagua nyota karibu na mlingoti nikaifuata, baada ya robo saa hivi nachagua nyingine maana anga inazunguka nyuzi 15 kila saa. Upepo niliusikiliza kwa shingo. Tanga likianza kupigapiga najua nimeukaribia upepo mno, narudisha usukani kidogo. Nyuma yetu maji yalikuwa yanawaka rangi ya kijani-buluu, ni vijidudu vya baharini vinavyotoa mwanga vikitikiswa, na ningeweza kuvitazama mpaka asubuhi.

Ila meli kubwa jamani. Ukiona taa nyekundu unatazama ubavu wake wa kushoto, kijani ni wa kulia, ukiziona zote mbili ujue imekuelekea wewe. Meli ya noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa, inamaliza maili 5 za baharini kwa dakika 15, na sisi tulikuwa kwenye noti 5 hivi! Sheria inasema kwa kawaida chombo cha injini kikipishe cha tanga, sawa, lakini siwezi kuweka uhai wa mtu aliyelala juu ya imani kwamba huyo anayeongoza meli kule juu ameniona. Kipimo ni dira ya mkononi: taa ikizidi kukua na bado iko kwenye nyuzi zilezile, mnaelekea kugongana. Moja ilikuwa hivyo. Nikapima, nikasubiri, nikapima tena, haijasogea.

"Nahodha, amka kidogo."

Akaja hapohapo, hakuuliza kwa nini wala hakulalamika, akatazama mwenyewe, tukageuza mapema ili tupite nyuma yake, halafu akashuka na baada ya muda mfupi namsikia anakoroma. Hilo ndo limenikaa kuliko mawimbi na nyota zote. Yaani mtu ametoka kuona meli kubwa kama ile, anajua kuna zingine, na amelala fofofo kwa sababu mimi niko macho. Sijawahi kuaminiwa namna ile. Saa kumi alfajiri mwili unadai usingizi kama mwenye deni, nikasimama, nikanawa uso na maji ya chumvi, nikawa nazungusha macho upeo wote kila baada ya dakika chache, na ule mkoromo ndo ulionishikilia.

Taa za bandari tuliziona kabla hakujapambazuka. Nilitamani tuingie, tumechoka, tumelowa, lakini bandari hatujawahi kuingia na taa za mji zinaficha taa za maboya yanayoonyesha njia ya kuingilia. Tukashusha tanga la mbele, tukabaki nje tukielea polepole karibu saa mbili nzima, na safari hii aliniambia mimi nikalale. Nililala na buti zangu miguuni.